Kaseti Isiyo na Jina: Ushauri kwa Mbajuni Anayetafuta Roki ya Zamani

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana wa Kibajuni, mzaliwa wa Mombasa au London, asiyewahi kukanyaga Chovae wala Koyama, amejiziba masikio akisikiliza bendi ya Mogadishu iliyokuwa ikipiga kabla mamake hajazaliwa. Akishanogewa huanza kuuliza. Je, hakuna albamu ya roki ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliyotoka pwani yetu ya Kismayu ikasahaulika? Itapatikana wapi, na bei yake ni ngapi? Maswali haya nimeulizwa mara nyingi, nami nayajibu hapa kwa urefu, maana jibu la mkato litamtia mtu gharama za bure.

Kwanza, acha kutafuta santuri. Ukitaka kujua muziki wa zamani umejificha wapi, jiulize ni nani aliyekuwa na mashine ya kurekodi. Somalia ya miaka ile mashine ilikuwa ya serikali. Siad Barre alichukua madaraka tarehe 21 Oktoba 1969, na baada ya hapo muziki ukawa shughuli ya dola. Kundi la Waaberi lilikuwa la Jumba la Sanaa la Taifa, bendi ya Iftin ilikuwa chini ya Wizara ya Elimu. Wimbo ulirekodiwa Redio Mogadishu au Redio Hargeisa kwenye utepe mkubwa wa rili, ukarushwa hewani, ukarudishwa kabatini. Kampuni binafsi za santuri hazikuwa na pa kusimama. Aliyetaka wimbo abaki nao alitega redio kaseti yake saa ya kipindi, au alikwenda dukani akanakiliwa. Kwa hiyo kilichosafiri kwa jahazi na kwa lori kutoka Mogadishu hadi Kismayu, na kutoka Kismayu hadi visiwani, kilikuwa kaseti, tena mara nyingi nakala ya nakala.

Tanzania nayo ilifanana na hali hiyo. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi, na mwenye kutaka santuri ilibidi aitazame Nairobi. Muziki wa vijana wenyewe ulikuwa ukitazamwa kwa jicho baya: Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam. Hata hivyo mwaka uliofuata, mjini humo humo, ikazaliwa bendi ya Sunburst, mwimbaji wake James Mpungo na gita likishikwa na Hembi Flory Kongo kutoka Kongo. Waliacha albamu moja tu, Ave Africa, ya 1976. Ilikaa kimya miaka arobaini, mpaka kampuni ya Strut ya London ilipoikusanya mwaka 2016 pamoja na rekodi zao za kuanzia 1973. Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia anzia hapo. Ni roki iliyopigwa na watu wanaozungumza lugha yako, na ndani yake utasikia ngoma za kwetu zikigombana na gita la umeme bila ya mmoja kumshinda mwenzake.

Wenye santuri hasa walikuwa Wakenya na Wazambia. Bendi ya Matata ilitoka Nairobi ikaenda London mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikarekodia kampuni ya President. Mombasa kulikuwa na Slim Ali na Hodi Boys, waliokuwa wakiimba soul kwa Kiingereza. Kule Zambia, bendi ya WITCH ilitoa albamu ya Introduction mwaka 1972, na ndugu zao wa Musi-O-Tunya wakarekodi Wings of Africa Nairobi. Introduction imekuwa maarufu mno siku hizi, na wapo wanaoizungumza kama msahafu wa roki ya Afrika. Kwa maoni yangu ni albamu ya wanagenzi: rekodi mbichi, mashairi ya kuigiza. Isikilize, lakini usiifanye kipimo. Nyingi kati ya hizi zinapatikana leo kwa halali, na kazi yake kwako iwe kuyanoa masikio: kujua kinanda cha umeme cha enzi ile kinavyosikika, besi inavyokaa, na gita la wah-wah linavyolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Bila ya masikio hayo utaipata kaseti ya thamani na utaipita ukidhani ni kelele.

Sasa turudi Somalia, maana huko ndiko kuna kisa ambacho kila mtafutaji anapaswa kukijua kabla hajafungua sanduku la mtu. Katika miaka ya 1980 mwanafunzi wa Kisomali aliyekuwa Marekani alimpa kaseti mpenzi mmoja wa muziki wa Afrika, mkazi wa Milwaukee. Kaseti haikuwa na maelezo. Mtu yule aliiweka kama miaka ishirini, na mwaka 2007 akaiweka kwenye intaneti kwa jina la fanki ya Kisomali isiyojulikana. Watu wakaisikia, wakapagawa, lakini hakuna aliyeweza kufanya lolote nayo, kwa sababu huwezi kumlipa mwimbaji usiyemjua, huwezi kuomba ruhusa ya mtu asiye na jina. Baadaye msikilizaji akaitambua: ni Dur-Dur Band, albamu yao ya tano, ya 1987. Jina lilipopatikana, wanamuziki wakatafutwa, na mwaka 2013 kampuni ya Awesome Tapes From Africa ikaitoa upya kwa makubaliano nao. Sauti ilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni jina.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu, na wapenda mitambo watanibishia: jina kwanza, sauti baadaye. Kaseti yenye kuvu na mikwaruzo lakini yenye majina ya waliopiga, mahali na mwaka, ina uhai kuliko kaseti safi iliyo bubu. Kuvu husafishwa. Mzee aliyekuwa ukumbini usiku ule akishafariki, jina limekwenda naye.

Basi unaanzaje? Usianzie kisiwani. Vita vya 1991 viliwatawanya watu wetu. Waliokimbia Chovae, Chula na Kismayu waliteremka Lamu, Malindi na Mombasa, wengine wakafika Yemen na Uingereza. Mtu aliyekimbia kwa mashua hakuchukua redio, lakini kaseti mbili tatu ziliweza kuingia kwenye bunda la nguo. Waliokuwa wakisoma au kufanya kazi nje kabla ya vita walizo nyingi zaidi, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakitumiwa kaseti za salamu na nyimbo kutoka nyumbani. Mabaharia ndio wa kwanza kuulizwa: walikuwa na pesa ya redio kaseti kubwa, na walinunua bandari hadi bandari. Kisha maharusi wa zamani. Usidharau kaseti ya harusi; pale palipoitwa bendi, bendi ilirekodiwa, na pasipoitwa utapata nyimbo za kina mama ambazo zina haki yao ya kuhifadhiwa. Na ukikutana na nyimbo zetu za jadi, vave au kimayi, iliyorekodiwa, weka roki pembeni kwanza, uishughulikie hiyo.

Kuuliza nako kuna adabu zake. Usiingie nyumba ya bibi wa watu ukamwambia moja kwa moja kwamba unataka kaseti za muziki. Wengi waliocheza ujanani leo ni watu wa msikitini, na hawapendi wajukuu wajue walikuwa wakifanya nini mwaka 1974. Kumbuka pia kwamba Kismayu ilikuwa mikononi mwa al-Shabaab kuanzia 2008 hadi 2012, na muziki ulikuwa marufuku. Kuna aliyezifukia kaseti, kuna aliyezichoma, kuna ambaye bado hana raha kulizungumza jambo hilo. Toa salamu, kaa, nywa chai, muulize habari za mji: nani alikuwa na redio ya kwanza, watu walikuwa wakikusanyika wapi, bendi zikija zikipigia wapi. Jina la mwimbaji litajitokeza lenyewe. Hapo ndipo unapouliza kama kimebaki chochote. Akikataa, shukuru, uondoke vizuri. Haki ya kukataa ni yake, na huenda bintiye akakupigia simu baada ya mwezi.

Kaseti ikifika mkononi, usiicheze kabla ya kuikagua. Hili nalisisitiza kwa sababu kila mtu hufanya kinyume chake. Hewa yetu ina chumvi, na kaseti iliyokaa pwani miaka hamsini ina adui watatu ndani yake. Kuvu jeupe juu ya utepe ni wa kwanza. Wa pili ni kutu kwenye kile kibati chembamba kinachobeba kipande cha sufi mbele ya utepe, na sufi yenyewe mara nyingi imeshabanduka. Wa tatu ni utepe kugandana kwa sababu haujazungushwa miaka mingi. Itazame kwenye mwanga. Chomeka penseli au kalamu ya Bic kwenye tundu, zungusha polepole kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha uirudishe. Ukihisi inakwama, simama. Kama ganda limeharibika, hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine isiyo na maana, yenye skrubu tano ndogo; zile zilizogundishwa kwa gundi waachie mafundi wenye mkono mwepesi. Kaseti za dakika 120 ziogope zaidi, maana utepe wake ni mwembamba sana na hukatika kwa kutazamwa.

Nyuma ya kaseti kuna vipande viwili vidogo vya plastiki. Vivunje kabla ya lolote, ili mtu asibonyeze kitufe chekundu kwa bahati mbaya akaufuta mwaka 1973 kwa kikohozi chake. Kama vimeshavunjwa na mwenyewe, furahi: aliithamini.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui: kaseti nyingi za nyimbo zilirekodiwa juu yake mawaidha au Kurani pale wenyewe walipoachana na muziki. Usizitupe kwa kusoma lebo. Zisikilize hadi mwisho wa utepe, pande zote mbili, kwa sababu mawaidha ya dakika arobaini kwenye kaseti ya dakika tisini huacha mkia, na kwenye mkia huo ndimo wimbo wa zamani hukaa. Mawaidha yenyewe nayo nakili. Sauti ya shehe wa kisiwa aliyefariki ni hazina vilevile, na familia itakuamini zaidi ukiiheshimu.

Mashine yako iwe safi. Chukua pamba na spirit ya duka la dawa, hakikisha haina mafuta wala manukato, ufute kichwa cha kusomea mpaka pamba isitoke na rangi ya kahawia. Gurudumu la mpira lifute kwa maji na sabuni kidogo tu, spirit huukausha mpira. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo inayokiinamisha. Ukiizungusha kidogo sana huku ukisikiliza, utasikia herufi za s na sh zikifunguka ghafla kama zilikuwa zimefumbwa. Fanya hivyo kwenye mashine yako mwenyewe, na weka alama ya mahali ilipokuwa kabla hujaigusa.

Kuhamishia kwenye kompyuta si kazi ngumu. Toa waya kwenye tundu la spika za masikioni au la nyuma ya mashine, uupitishe kwenye kisanduku kidogo cha USB, tumia programu ya bure kama Audacity. Rekodi kwa WAV, 48 kHz na biti 24. Saa moja itakula kama GB moja ya nafasi, na nafasi siku hizi ni rahisi. Usirekodi moja kwa moja kwa MP3. Usisafishe sauti wakati wa kurekodi. Usitume kaseti ya bibi yako kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti ukadhani umehifadhi kitu, maana huko hubanwa ikabaki mifupa. Ikibidi, tuma kama faili. Kama uko kisiwani, huna kompyuta, una redio kaseti, betri na simu tu, basi weka simu mbele ya spika usiku, chumba chenye mikeka na mapazia, milango imefungwa. Itakuwa na sauti ya mawimbi, lakini itakuwepo.

Kuhusu betri nina la kusema, maana visiwani ndiyo kizungumkuti kikubwa. Kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Redio yenye betri zilizochoka hutembea taratibu zaidi, na kilichorekodiwa hivyo, kikichezwa leo kwenye mashine nzima, hukimbia: mwanamume anaimba kama mtoto na dramu zinafukuzana. Watu wengi hudhani hiyo ndiyo roki yenyewe. Ukishuku hivyo, hifadhi kwanza nakala kama ilivyo, halafu kwenye nakala ya pili punguza kasi mpaka sauti ya mtu ifanane na mtu. Mzee anayemfahamu mwimbaji atakwambia ulipofika.

Na hapo ndipo tunaporudi kwenye jina. Kabla kaseti haijaondoka kwa mwenyewe, washa kinasa sauti cha simu, mchezee vipande, umwache aseme. Nani anaimba? Anayeitikia ni nani? Ulikuwa wapi? Ilikuwa kabla au baada ya Kisomali kuanza kuandikwa rasmi, mwaka 1972? Watu hawakumbuki miaka, hukumbuka matukio: ukame, mapinduzi, harusi ya fulani, mashua fulani ilipozama. Andika hivyo hivyo alivyosema, mwaka utautafuta mwenyewe. Piga picha kaseti, jalada lake, mwandiko na kila mkwaruzo wa kalamu. Ingiza majina ndani ya jina la faili lenyewe, si kwenye daftari pekee, kwa sababu daftari na faili hupotezana.

Weka nakala tatu, moja iwe mbali. Hili tumefundishwa na Hargeisa. Mji ule ulipopigwa mabomu mwaka 1988, wafanyakazi wa redio walikuwa wameshazitoa kanda, wakazifukia ardhini na nyingine kuzivusha hadi nchi jirani. Leo zaidi ya kaseti 10,000 zimekusanywa mjini humo na taasisi ya Redsea Cultural Foundation. Kutokana na hazina hiyo, kampuni ya Ostinato ilitoa mwaka 2017 mkusanyiko wa Sweet as Broken Dates, ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Redio Mogadishu nako, mwaka 2016, Samy Ben Redjeb wa Analog Africa alikuta humo lundo la rekodi zilizotupwa pembeni. Ndimo ilimotoka Mogadisco ya 2019, yenye nyimbo za kuanzia 1972. Nunua zote mbili, usome vijitabu vyake, uangalie jinsi walivyowahoji wanamuziki. Utaona pia kwamba pwani ya kusini, kuanzia Barawa hadi Rasi Kiamboni, haimo kwa kadiri inavyostahili. Simlaumu mtu. Wageni walikwenda palipokuwa na kabati, na sisi kabati letu limetawanyika kwenye masanduku ya watu mia.

Itafika siku utapigiwa simu na mtu wa kampuni ya kutoa upya santuri. Wengi wao ni waungwana, wachache si waungwana, na kwa simu huwezi kuwatofautisha. Kaseti asilia isitoke mkononi kabla nakala haijakamilika na kukaguliwa. Wewe uliyeipata si mwenye wimbo. Mwenye wimbo ni aliyeutunga na aliyeuimba, au warithi wao, na jina ulilolihangaikia ndilo litakalokufikisha kwao. Makubaliano yawe ya maandishi, yaseme ni ya miaka mingapi, nchi zipi, na kila mmoja anapata nini. Asiyetaka kuandika, mwage.

Kusikiliza kwenyewe, baada ya jasho lote hilo, kufanye kwa subira. Cheza upande mzima bila ya kuruka. Mtu aliyeipanga kaseti ile, hata kama alikuwa muuza duka wa Kismayu, alikuwa na nia: wimbo wa haraka, kisha wa huzuni, kisha bendi nyingine kabisa kwa sababu utepe ulikuwa umebaki. Ndiyo albamu yako hiyo. Ina mtangazaji akikatiza gita katikati, ina jogoo, ina mtu akiita mtu aje kula. Usiikate vipande ukaitupa kwenye orodha ya nyimbo mia tatu.

Mpigie simu leo mkubwa mmoja wa ukoo wenu, aliyekuwa kijana mwaka 1972. Mwamkie, muulize afya yake, halafu muulize kaseti ziko wapi, na andika kila jina atakalolitaja.